Sarafu Zangu Kwenye Mabakuli ya Hekalu

Shoga yangu Duang, we! Mama kanimaliza!

Narudi na albamu mpya ya kupangia sarafu zangu, nafungua kopo ninamozihifadhi, tupu! Zile sarafu zote za kigeni nilizopewa kwenye chenji sokoni kaenda kuzitumbukiza kwenye mabakuli ya sadaka ya hekalu. Eti, "Nimekuombea mume, mwanangu." MUME!

Nikatoka mbio hadi hekaluni. Si unajua pale wanauza vikombe vya sarafu za kutumbukiza, zilezile zinazozolewa mabakulini? Nikanunua, nikakaa chini kuchambua.

Pembeni kuna kaka, naye anachambua. Kavaa glavu asizichafue sarafu, Duang! GLAVU!

Akaniona natenga za kigeni tu, akainua yuro moja. "Dada, unayoitafuta ni hii?"

Ni yangu! Kanipa, halafu kaomba namba.

Usithubutu kumwambia mama. Kesho atabeba na albamu aipeleke hekaluni!