Bunduki ya Babu Haikuwa Tupu

Mwamgongo,
Kigoma.
9 Novemba 1997

Mpendwa kaka Onesmo,

Shikamoo. Natumaini joto la Mtwara halijakuyeyusha, na kwamba shemeji Elida amepona kifua. Baba na Mama hawajambo, nami sijambo, ingawa uzima wetu wa wiki hii ni wa Mungu tu. Utanielewa ukimaliza kusoma.

Fataki sita za bunduki ulizotuma zilifika salama. Laiti zingepotelea njiani!

Unajua mdogo wetu Bariki amepata mtoto wa kiume. Mama mtoto ni Rahabu, yule aliyevuka ziwa na wakimbizi mwaka jana kutoka Uvira. Siku ya saba tukamtoa mtoto nje, kama ilivyo kwetu, apigiwe bunduki ya babu asije akaogopa radi wala vita. Sisi sote tulipigiwa nyundo kavu, bila fataki, ka! Haikulipuka, basi tukaamini ni tupu. Safari hii Baba alitaka mlio wa kweli.

Niliisugua kwa mawese tangu asubuhi. Kaka, Mmarekani yule aliyeiunda zamani alikuwa fundi! Mtutu wa pembe nane, kitako chenye kijisanduku cha shaba cha kuwekea vitambaa vya kuviringishia risasi, na yule mnyama mwenye pembe za matawi aliyechongwa hadi manyoya yanaonekana. Niliringa mbele ya wageni utadhani nimeiunda mimi. Nikavika fataki, kile kikofia kinachotoa cheche nyundo ikikigonga, nikavuta nyundo nyuma, nikaweka kidole. Baba akashika mtutu, mdomo wa bunduki shibiri moja juu ya utosi wa mtoto, akaanza kuhesabu hadi tatu kwa Kiha: rimwe, kabiri...

Rahabu akaudaka mtutu, akausukuma juu. "Muache kwanza! Mulipima ndani?"

Tulikasirika. Mkwe kumnyang'anya baba mkwe kitu mkononi, mbele ya watu! Yeye hata hakututazama. Baba yake alikuwa fundi wa magobore. Akaitoa fataki, akachomoa ufito wa kushindilia, akautumbukiza hadi ukagota, akatia alama kwa kidole gumba, kisha akaulaza nje ya mtutu. Ulipungua vidole vinne kufika mwisho wa mtutu.

Ilikuwa imeshindiliwa, kaka! Na aliyewahi kuishindilia ni babu peke yake. Kwa skrubu ya ncha ya ufito Rahabu akavuta risasi ya duara iliyoviringishiwa kitambaa cha mafuta, ikafuata baruti. Bariki akatupa kidogo kwenye kaa la moto, ikawaka fwaa! Ule ufundi niliokuwa nikijisifia ndio ulioitunza kavu miaka yote hiyo.

Mama alizimia. Baba alimpigia magoti mkwewe, kitu ambacho sikutegemea kukiona duniani. Rahabu, ambaye risasi huziita masasi, akasema, "Nilikimbia masasi kule, Baba, kumbe moja ilikuwa inaningojea huku."

Wewe ndiye mrithi. Nakusihi uandike upesi kwamba umekubali bunduki ipelekwe polisi, maana Baba anakungoja wewe. Na mwanao ukija naye Krismasi, aogope radi kama watoto wengine.

Msalimie shemeji Elida na watoto. Mama anawabusu, Bariki anakusalimu. Mungu aliyetuchelewesha kwa hesabu moja awafunike na ninyi.

Kidole kilikuwa changu, kaka. Kila asubuhi Rahabu ananiwekea mtoto mapajani, na kila asubuhi namrudishia.

Mdogo wako akupendaye,
Nikodemu