Mazungumzo ya Jikoni Kwetu Nakwa

Nakwa, Babati
2 Juni 2025

Mwanangu Vailet,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu ni ule ule. Wewe na masomo yako huko Dodoma mnaendeleaje?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu sasa naiogopa. Cornel, mtoto wa jirani yetu Romana, ameondoka kwao bila kuaga. Ameambiwa kwamba baba aliyemzika siye aliyemzaa. Siri hiyo Romana alinipa mimi peke yangu, kwa Kiiraqw, mwaka jana tulipokuwa tunachambua mbaazi jikoni. Sasa anaamini ni mimi niliyeropoka. Vailet, hata padri sijamwambia. Najua Kiiraqw hukielewi, lakini siku ile ulikuwa likizo hapa. Kuna ulichosikia?

Mama yako

Dodoma
11 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mimi mzima wa mwili tu.

Ni mimi, Mama. Kwenye isimu tunafundishwa kwamba mtu akijua anarekodiwa, habaki na usemi wake wa kila siku. Anajibana kama yuko mbele ya mgeni. Nilitaka Kiiraqw cha watu wasiojibana, kwa ajili ya tasnifu yangu, nikaficha simu nyuma ya ndoo ya unga. Tunafundishwa pia kuomba ridhaa kwanza. Hilo nililiruka, nikajiambia ni mama yangu, kuna ubaya gani.

Nikampa Amos wa Bagara, ninayesoma naye, anitafsirie. Sikujua kwamba marehemu mume wa Romana alikuwa mjomba wake. Akaitambua sauti, akampigia Cornel. Na tafsiri aliniletea, Mama. Niliisoma yote nikihesabu vitenzi, sikuona kwamba humo ndani kuna mtu analia.

Rekodi nimeifuta. Naona aibu hata kulala. Nije nimpigie Romana magoti?

Mwanao, Vailet

Nakwa, Babati
28 Septemba 2025

Mwanangu Vailet,

Hatujambo. Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa na hasira nikaogopa kalamu yangu.

Usije kwanza. Nilimweleza Romana yote, nikamwomba radhi kwa niaba yako na yangu. Maana na mimi nina langu. Niliwalea kwa Kiswahili kitupu ili mfaulu shule. Ningekupa Kiiraqw, ungesikia siku ile ile, ungeizima simu mwenyewe.

Cornel amepiga mara moja, yuko machimboni Mererani.

Jana Romana alikuja. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Alikaa pale pale pake, tukachambua mbaazi debe zima. Aliulizia mgongo wangu, akasifu mbaazi, akasema mvua mwaka huu zitawahi. Miaka thelathini tumeongea Kiiraqw jikoni humo. Jana alisema yote kwa Kiswahili, kizuri, kama anachoongea na mabwana wa halmashauri.

Nilimjibu kwa Kiiraqw mara mbili. Mara ya tatu nikamjibu kwa Kiswahili.

Mama yako