Mjuaji Hajashika Msumeno

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeishinda kompyuta. Mimi, mzee mzima, darasa la sita na vipande! Nimekaa mbele yake, nikaiuliza swali moja tu la useremala, ikanyamaza. Haikuwa na la kujibu. Nikainuka kifua mbele kama jogoo.

Haya. Daftari ni langu, nikijidanganya humu nitasema kweli wapi? Ilinyamaza kwa sababu haikuwa imewashwa. Mwalimu wa Hesabu ndiye aliyenionyesha kitufe. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Habari yenyewe ni hii. Asubuhi Mkuu wa chuo katuita walimu wote. Barua imetoka juu: kila mwalimu ajifunze hii akili mnemba, aandae nayo somo, na mkaguzi atakuja kuliangalia likifundishwa. Tarehe 19. Wenzangu wana vyeti. Mimi nina mikono.

Walipotoka akanibakiza. Huyu nilimfundisha mimi. Stuli yake ya kwanza ilikuwa na miguu minne, kila mmoja na urefu wake, ndiyo maana mpaka leo moyoni namwita Kigoda. Kazunguka weee, kapanga kalamu mezani, mwisho katema: Mzee wangu, siku hiyo usipopita sina la kukutetea. Darasa atapewa mwenye cheti, wewe utakaa stoo na funguo.

Stoo! Miaka thelathini na moja nafundisha watu kushika randa, leo niishie kuhesabu misumari?

Sitaki. Nitajifunza hicho kitu hata kama kina pembe.

Jumanne, 4 Machi

Mama watoto kasikia. Kasema samaki hukunjwa angali mbichi, wewe umekauka mpaka mkia. Nikamjibu samaki mkavu hakunjiki lakini haozi. Kasema haozi ila ananuka.

Ndoa ya miaka arobaini, sijawahi kumshinda hata mara moja.

Lakini jioni nimekuta miwani yangu ya kusomea iko juu ya meza, imefutwa, inang'aa. Basi. Tumekubaliana.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wa Hesabu kanikalisha chumba cha walimu saa ya chai. Binti mdogo huyu lakini haogopi mvi. Niliandika neno moja: rafu. Mashine ikanimwagia historia ya rafu tangu dunia iumbwe.

Akaniuliza: mzee, ukimwambia mwanafunzi "rafu" ukanyamaza, atajua unataka nini?

Nikasema atajua, kwa kuogopa.

Hakucheka. Kaniangalia tu. Macho hayo sikuyapenda.

Kanifundisha kuuliza. Useme una nani, una nini, unataka kufika wapi. Na ina masikio, huna haja ya kudonoadonoa herufi kama kuku! Nikaisemesha: nina wanafunzi kumi na wanne, misumeno minne, jiliwa mbili za kubania mbao, dakika themanini. Nina fremu ya kabati la vitabu waliyoiunda muhula uliopita, imekosa rafu sita. Ndani ina upana wa sentimita 39 na nusu. Nina ubao mmoja wa sentimita 240. Mmoja tu! Stoo hakuna mwingine mzuri mpaka muhula ujao.

Ikamwaga somo zima kabla sijameza chai. Nimeipa jina: Mjuaji.

Binti kauliza kama nimetumia ile fadhila yangu. Nikasema thubutu! Mwaka jana, siku ya usaili wake, kisigino cha kiatu kilimvunjikia getini. Nikakigundisha kwa gundi ya mbao na misumari miwili midogo, akaingia akitembea kama malkia. Tangu siku hiyo ananiambia mzee una fadhila yako kwangu, siku yoyote idai. Kufundishwa kwa kikombe cha chai sio kudai. Fadhila haitumiwi hovyo.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu.

Nimelisoma somo la Mjuaji darasani neno kwa neno. "Umahiri." "Viashiria." "Mwanafunzi aweze kubainisha." Nilikuwa najisikia mtu mkubwa. Redio (kijana mmoja hapa, hazimiki) akanyoosha mkono: mwalimu, leo umekunywa chai au umekunywa kamusi?

Darasa chini! Nikacheka nao. Ila iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Jioni nimebaki na Mjuaji peke yangu. Nimemwambia avue suti avae aproni. Akaandika upya. Bado suti. Nikamwambia unaongea na watu wenye maranda nyweleni, sio bunge. Akaandika tena. Mara ya tisa ndipo akaongea kama mtu.

Mara tisa. Nilivyokuwa navumilia! Mwanafunzi asiponielewa mara ya pili huwa nagonga meza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkamata! Mjuaji kaingia kwenye kumi na nane zangu.

Ameandika: ubao wa 240, pimeni 40, kateni, pimeni tena 40, kateni, mpaka vipande sita, kisha piteni randa kidogo mpaka viingie kwenye fremu. Mia mbili arobaini gawanya kwa sita ni arobaini. Safi kabisa. Safi ya mtu ambaye hajawahi kushika msumeno! Msumeno hula, bwana. Kila mkato unameza milimita tatu na kutema unga. Mikato mitano, sentimita moja na nusu iko sakafuni. Rafu ya sita itabaki na 38 na nusu, ukiiweka kwenye fremu inadondoka na vitabu vyake.

Nikamwambia. Papo hapo: "Uko sahihi kabisa, samahani kwa kosa hilo." Adabu kama mkwe mpya.

Basi uzee una shetani wake. Nikamtega. Nikamwambia na tena mimi ni fundi wa miaka mingi, ubao hupakwa mafuta kwanza ndipo gundi ishike vizuri. Uongo mtupu! Ukipaka mafuta gundi haishiki hata unyoya. Akajibu: asante kwa kunisahihisha, nitaongeza hatua hiyo.

Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Halafu kicheko kikakatika. Hiyo sauti naijua. Ndiyo mwalimu, sawa mwalimu. Naisikia kila siku.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu darasani. Nimesimama, uso mkavu, nikasema: andikeni. Kabla ya gundi, ubao upakwe mafuta.

Wameandika. Kumi na wanne wote! Redio kapigia na mstari chini yake, kwa rangi nyekundu.

Mmoja tu, yule binti anayekata kwa mkono wa kushoto, Mashoto, aliinua penseli. Akaniangalia. Akaishusha, akaandika.

Baada ya kipindi nikamwita. Ulitaka kusema nini? Kasema hakuna kitu, babu. Nikambana. Ndipo akasema kwao waliwahi kugundisha mguu wa meza uliomwagikiwa mafuta, ukatoka siku hiyo hiyo. Sasa mbona hukusema? Kasema: wewe ndiye mwalimu. Nilidhani unajua kitu nisichokijua.

Nilimrudisha darasani nikawaambia wote wafute, nikawaambia ni uongo wangu. Walinitazama kama nimevua shati.

Miaka thelathini na moja. Nimewafundisha kunisikiliza. Nimewafundisha kuangalia ubao kweli?



Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua. Mwenye kunicheka anicheke.

Siku ya mkaguzi nitawapa wanafunzi karatasi ya Mjuaji pamoja na kosa lake. Sitalirekebisha. Nitawaambia hivi: hii imeandikwa na mashine, inajua mengi, haijawahi kushika msumeno. Kazi ni yenu. Kisha nifunge mdomo. Wakilikamata kosa wenyewe kabla ubao haujaisha, hilo ndilo somo. Wakishindwa, ubao wa pekee umekwenda, kabati halina rafu, na mimi na funguo zangu za stoo tutazoeana.

Mwalimu wa Hesabu nimemweleza. Kasema mzee, hili hata chuoni kwetu hawakutufundisha. Nikajidai sijasikia ili arudie. Hakurudia.

Kigoda nimempelekea karatasi asaini. Hakumaliza hata kukaa: mzee, hapa pana kosa! Nikasema najua. Basi rekebisha! Nikasema hapana. Akashika kalamu nyekundu, nikamshika mkono. Huyu bwana ana ugonjwa, akiona kosa lazima alisahihishe, hata tangazo la mlango wa choo kalipigia mistari. Na ananipenda, hilo ndilo baya zaidi. Mtu anayetaka kukuokoa hanyamazi. Kaapa siku hiyo atakaa nyuma kimya.

Niliuona mdomo wake wakati anaapa. Ulikuwa unatetemeka.

Jumapili, 16 Machi

Mazoezi ya kunyamaza, nyumbani. Mama watoto kasema wewe? unyamaze? na nyota zitashuka. Tukakubaliana nisiseme neno chakula chote. Kaweka sahani. Kaanza kueleza jinsi kochi letu lilivyoundwa, makusudi, kinyumenyume, eti misumari ndiyo inayobeba uzito. Sikufika nusu ya sahani! Nililipuka.

Kacheka hadi machozi. Halafu akasema la maana, kama kawaida yake akishanichokoza: shika daftari lako siku hiyo. Ukiandika husemi.

Jumatano, 19 Machi

Niko karakana. Ndiyo, naandika sasa hivi, kwa penseli ya useremala, daftari juu ya goti. Mkaguzi anadhani naandika tathmini. Mama mmoja mnene wa heshima, kavaa miwani yenye mnyororo. Hajatabasamu tangu aingie. Kaniuliza cheti changu kiko wapi, nikamwonyesha kidole changu kilichopungua ncha. Hajatabasamu hapo pia.

Kigoda na Mwalimu wa Hesabu wamekaa benchi la nyuma, bega kwa bega. Mimi kando yao.

Nimetoa karatasi. Nimesema yale maneno yangu. Nimekaa.

Dakika ya ishirini. Wamepima arobaini, wamepiga mstari wa kwanza, kama karatasi inavyosema. Mungu wangu. Redio anasoma karatasi kwa sauti ya mtangazaji. Hakuna anayeuliza.

Nauma penseli.

Dakika ya ishirini na sita. Ubao uko kwenye jiliwa. Mashoto kashika msumeno. Mkato wa kwanza, juu ya mstari kabisa. Mkono mzuri huyu binti! Kipande kimeanguka. Mkaguzi kaandika kitu. Ni mkato mmoja tu, ubao bado unaokoleka. Wakiacha arobaini wakapunguza kidogo kila kipande, zote sita zitatosha.

Redio anasema twende wa pili.

Mashoto hajaenda. Kainama. Kapitisha kidole sakafuni, kakiinua, kimejaa unga wa mbao. Anautazama. Anautazama mstari, haupo tena, umeliwa. Anaitazama karatasi. Sasa ananitazama mimi.

Nimeshusha macho kwenye daftari. Usinitazame mimi, mjukuu wangu. Tazama ubao.

Redio: kata bwana, mashine imeshasema!

Mashoto: subiri.

Kasema subiri! Si kwa sauti. Lakini kasema. Redio kanyamaza, hata hilo sijawahi kuliona. Mashoto kaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza. Wengine wanamsogelea. Hajafika, bado hajafika, yuko njiani.

Na Kigoda kajisogeza ukingoni mwa benchi. Kakohoa. Kainua kidole. Mdomo unafunguka. Anataka kuniokoa, huyu mtu!

Siwezi kusema, nikisema nimeharibu mwenyewe. Nachana ukurasa huu nusu ya chini, nakupitishia wewe binti wa Hesabu, usome haraka:

Ile fadhila yangu, naidai leo. Ni ndogo. Mguu wa Mkuu uko karibu na wako. Mkanyage. Kwa kisigino kile kile, kitashika, nilikigundisha mimi.