Saa ya Sebuleni

Na hapo ndipo simu ilipokatika, dada, nikiwa ndiyo kwanza nafika penye kisa cha saa. Nikapiga tena na tena, hupatikani. Nikasema basi, nitamwandikia, na huenda ni afadhali, maana kwa simu ungeanza kucheka nami nisingemaliza.

Kwanza niambie, hujambo wewe? Goti limepoa, au bado linakuamsha? Shemeji na wanao wazima? Sisi huku tu wazima kabisa, na mimi nina furaha isiyo na adabu. Miezi miwili na nusu ya ndoa, na bado nikisikia funguo zake mlangoni nakimbilia kioo. Anarudi kutoka kutengeneza mafriji ya watu, mikono baridi, ananishika mashavu kunishtua, nami kila siku nashtuka kama sikujua. Saa ya mkononi uliyonifunga siku ya harusi siivui ila nikioga. Iweke akilini hiyo saa, kwa sababu imo ndani ya kesi hii.

Ni hivi. Jumamosi iliyopita tulikwenda nyumba ya shamba ya wakwe zangu kupumzika hadi Jumapili, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala pale. Dada, nyumba yenyewe! Ya mawe, ndefu, vyumba vimepangana kama mabehewa, na nyuma kuna bustani ya viazi inayoshuka hadi mtoni. Mume wangu alinionyesha dirisha alilokuwa akitorokea utotoni, akanionyesha na kovu alilopata humo, nikalibusu kovu. (Usiwasomee watoto hapo.)

Nilikwenda na nia moja tu: nikiondoka pale niwe nimeacha kuitwa mgeni. Maana tangu uchumba mama mkwe ananiita “mgeni wetu”. Kwa upendo, sikatai, na akitamka anatabasamu. Lakini kiti cha mgeni, kikombe cha mgeni, taulo la mgeni! Nikishika ufagio ananinyang'anya. Baba mkwe naye ni mtu wa maneno machache. Alikuwa fundi saa mjini miaka arobaini, kwenye kibanda ambacho mume wangu anasema ukivuta pumzi ilibidi mteja atoke. Sasa amestaafu.

Sasa sikiliza maajabu. Katika nyumba ya fundi saa mna saa tano za ukutani, na hakuna hata moja inayosema kweli! Ya jikoni imetangulia nusu saa. Ya ukumbini imetangulia robo. Ya chumbani kwa wifi yangu, yule msusi, imetangulia saa nzima. Ya chumba tulicholala ilikuwa imesimama kabisa. Na ya sebuleni, ile kubwa ya mbao yenye kijimlango cha kioo, imebaki nyuma dakika hamsini. Na ukiingia tu, mama mkwe anakupokea simu yako na kuitia kwenye kikapu mlangoni, kwamba amechoka kuzungumza na vipaji vya nyuso.

Wewe unajua kazi yangu. Nawapokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Mtu akichelewa dakika kumi, foleni nzima inavimba shavu. Mimi bila saa ya kweli nasikia kizunguzungu. Tuliitwa chakula cha mchana saa saba ya jikoni, tukala saa nane ya mkononi mwangu, na mama mkwe akajisifu kwamba leo amewahi! Watu wote wakampongeza. Nikamwuliza mume wangu kwa sauti ya chini saa ngapi. Akanicheka, akaniambia inategemea nimesimama chumba gani. Nikamwuliza wifi. Akasema, wifi, wewe kula. Nilipochungulia mkono wangu mara ya tatu akanipa jina: Bi Dakika. Hadi jioni nyumba nzima ikawa Bi Dakika hivi, Bi Dakika vile. Nilicheka nao, lakini kichwani mwangu nilikuwa nimevurugikiwa.

Usiku huo nilipata jibu, au nilidhani nimelipata. Nilikuwa nimemwona baba mkwe akisoma gazeti amelisogeza hadi puani. Nikajiambia, masikini, macho yamekwisha. Fundi wa miaka arobaini haoni tena mishale, na watu wake wanamstahi hawasemi. Moyo ukanijaa. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuwa mtoto wa nyumba: nisaidie kimya kimya, bila kumwaibisha mzee.

Jumapili baada ya chakula wote walilala, baba mkwe kwenye kiti chake cha kamba nje, kofia usoni. Nikavua viatu. Nikapita chumba hadi chumba na saa yako mkononi nikiziweka sawa zote, na ile iliyosimama nikaitia betri ya redio. Ya sebuleni kijimlango chake kilikuwa na kufuli, nikakifungua kwa pini ya nywele na kusukuma mshale kwa kidole. Dada, nilinyata kama mwizi, lakini mwizi mwenye raha! Nyumba nzima ikagonga pamoja kama moyo mmoja.

Walipoamka tukakaa sebuleni kucheza karata. Baba mkwe anaiba karata waziwazi na mama mkwe anamwambia kwamba akifa atazikwa na karata ya kopa mkononi. Vicheko! Halafu mume wangu akainua macho kutazama saa, akafungua mdomo kusema kitu, akaufunga. Ilikuwa saa kumi na robo. Gari la mwisho la kurudi mjini huondoka saa kumi na moja, na kituo ni mwendo wa dakika ishirini.

Akamtazama baba yake. Baba yake akaitazama saa, kisha akamtazama yeye. Kisha mzee akalaza karata zake mezani zikiwa zinaonekana, na alikuwa anashinda, akasema haya, gari halingoji. Akaingia chumbani kwetu, akatoka na mkoba wetu, akaubeba mwenyewe hadi langoni. Mama mkwe akaenda jikoni, akarudi na kifurushi cha viazi na tabasamu la kuazima. Wifi aliuliza mara mbili, leo mnaenda kweli? Nami mjinga nikajibu kwa furaha kwamba tumewahi vizuri! Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeniita Bi Dakika.

Ndani ya gari mkono wake, ambao hauniachi hata tukivuka barabara, ulibaki gotini kwake. Nikamwuliza nimekosa nini. Akasema hujakosa kitu. Jumatatu hivyo hivyo. Hakunishika mashavu.

Jumanne jioni ndipo aliponieleza, akiosha vyombo, mgongo kwangu. Zile saa, dada, baba yake ndiye aliyezikosesha, moja moja, kwa makusudi. Ya jikoni kwa sababu mkewe huchelewesha chakula na akiambiwa hulia, basi ya ukumbini nayo ikawekwa katikati ili tofauti isionekane sana. Ya wifi kwa sababu wifi haamki. Ile ya chumba cha wageni ilisimamishwa ili mtu alale ashibe usingizi. Na ya sebuleni mzee aliirudisha nyuma Jumapili ya kwanza baada ya mwanawe kuhamia mjini, miaka sita iliyopita. Tangu hapo, kila akienda, Jumapili alasiri huitazama ile saa na kusema bado mapema, mzee huitikia mapema kabisa, na karata zinagawiwa tena. Gari la mwisho linampita. Analala, anaondoka na la alfajiri. Wote wanajua. Hakuna aliyewahi kulitamka.

Kisha akasema, na sauti yake ilikatika: Baba ameirekebisha. Ameona nimeoa, ananiambia niende kwangu.

Dada, nilikuwa nimeshika sahani. Sikuiangusha. Niliendelea kuifuta, ingawa ilikuwa imekwisha kukauka. Mume wangu huyu ninayemwambia kila kitu, hata nilivyokuota wewe una masharubu, alisimama pale machozi yakimdondokea kwenye povu. Nikamwambia pole. Pole! Aliyemliza ni mimi, na ninamwambia pole.

Jana mchana, daktari alipokwenda kula, nilifunga mlango wa kliniki nikampigia baba mkwe. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi, hata gazeti la puani. Akauliza kile kijimlango nimekifungua kwa kitu gani. Nikasema kwa pini ya nywele. Akapiga kelele, pini ya nywele! Akaniambia kufuli lile lina miaka sitini, kwamba hata wezi wana heshima kuliko mimi, na kwamba macho yake ni mazima, lile gazeti lilikuwa na maandishi ya sisimizi. Nikawa nalia na kucheka. Halafu sauti yake ikashuka. Akasema polepole: kwa hiyo siye yeye.

Yaani mzee naye, siku zote hizo, alidhani ni mwanawe ndiye aliyeiweka sawa, ili amwambie kwamba sasa ana mke na haraka ya kwenda kwake. Kila mmoja amemuaga mwenzake, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Nikamwomba aikoseshe tena. Akakataa. Akasema haigusi. Nije mwenyewe niirudishe nyuma dakika hamsini, yeye akiwa amesimama kando, na atanipa ufunguo ili nisirudie ushenzi wa pini. Kisha akasema, na hapa nakuandikia neno kwa neno: haya mwanangu, rudi kazini, utachelewa.

Mwanangu, dada.

Bado mume wangu sijamwambia. Anarudi jioni hii, na barua hii yote, nisamehe, ilikuwa pia mazoezi. Kukuandikia wewe tu nimefuta maneno mara tatu, mbele yake sijui itakuwaje, lakini nitasema kabla hajavua viatu.

Msalimie shemeji, wabusu wanao wote, na usipande ngazi na goti hilo. Tukienda kuirudisha ile saa tutashukia kwako kwanza, maana ni njia moja, na kabla mwezi huu haujaisha utaniona mlangoni pako. Tuandalie godoro: Jumapili ikifika nitatazama ukutani kwako na kusema bado mapema, nawe uitikie.

Mdogo wako akupendaye,
Bi Dakika