Mbio Ileile Mara Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mita mia, sekunde 11.25. Mvua ya rasharasha, njia ya nne, viatu havikuteleza. Nimetoka vizuri kwenye vibao vya kuanzia, mjomba mwenyewe kasema. Mita sitini nilikuwa mbele peke yangu. Nimemaliza wa kwanza, nikageuka kutazama ubao wa saa, na jukwaa zima likaguna. Umeshinda na bado unagunwa.

Ndiyo maisha yangu tangu Desemba. Siku ile, kwenye uwanja wa nyanda za juu, nilikimbia 11.02. Rekodi ya taifa. Na tiketi ya michezo mikubwa, maana wanataka 11.10 na mimi nilipita kwa mbali. Tangu hapo sishindani na wanawake wenzangu. Nashindana na ile 11.02, na yenyewe haichoki wala haiumwi misuli.

Mwezi uliopita 11.29. Leo hii. Mjomba – ndiye kocha wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenivua ndala akanivisha viatu vya misumari – kanipa taulo, akasema miguu ipo ila kichwa kimebaki nyuma. Haya. Nitakitafuta.

Jumatano, 6 Machi

Mpimaji wa dawa kaja tena. Mara ya tatu ndani ya siku kumi. Sheria ni kwamba kila alfajiri, saa kumi na moja hadi kumi na mbili, niwe chumbani hapa kambini ili wakinitaka wanipate. Mama mmoja mpole, kibegi cha vichupa mkononi. Anasimama mlango wa choo ukiwa wazi, ananitazama nikijaza. Kasema, samahani dada, ni kazi. Nikamwambia hata mkojo wangu sasa unakufahamu. Kacheka kidogo, akaandika saa kwenye fomu.

Kidoti, mwenzangu wa chumba, alikuwa amejifunika gubigubi akijifanya kalala. Desemba alikuwa wa pili nyuma yangu. Kwenye chai akaniuliza, "Shoga, hivi siku ile ulikula nini?" Akacheka. Mimi sikucheka. Mchana nimekuta kijikaratasi cha vidonge vyangu vya kuongeza damu kimekunjwa visivyo. Mimi hukunja mara tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Barua. Kamati ya uteuzi inataka nifike mbele yao Ijumaa ijayo, nieleze "tofauti isiyo ya kawaida" kati ya muda wangu wa Desemba na wa sasa. Mpaka hapo nisitoke kambini bila ruhusa ya maandishi. Nikishindwa kueleza, jina linaondolewa na faili linakwenda kwa watu wa dawa.

Desemba hakukuwa na wapimaji. Mashindano madogo, nani angewaleta? Kwa hiyo kila kichupa nilichojaza tangu hapo ni safi na hakinisaidii kitu. Wanasema ndiyo hivyo hasa: nimeacha dawa, ndiyo maana niko safi sasa na mwendo umepotea.

Nimempigia mama. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha sauti ya chini: mwanangu, kama kuna kitu ulipewa, niambie mimi, mimi ndiye niliyekuzaa.

Hata mama.

Jumapili, 10 Machi

Geti limefungwa. Nimetembea kando ya uzio mzunguko mzima. Mlinzi kaniuliza nimepoteza nini. Nikasema sekunde. Hakuelewa, akaniambia nikiziona nimwite.

Mjomba kanikimbiza mita thelathini mara kumi. Katoa kila sababu iliyopo duniani: usingizi, viatu, kishindo cha bastola, hofu. Nikamuuliza, na upepo je? Akawa anafunga kamba ya filimbi. Akafunga, akafungua, akafunga tena. "Upepo ni wa wote," akasema.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimepata mgeni. Mwalimu wa fizikia wa sekondari, mzee mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni. Mlinzi kamruhusu nusu saa, kwenye benchi lililo karibu na geti. Sikumfahamu. Kumbe Desemba ndiye aliyekuwa na kipima upepo. Hujitolea kila mashindano, anapenda tu vipimo.

Kafungua daftari la hesabu, akaniuliza kama najua kwa nini mtu yuleyule hukimbia tofauti leo na kesho. Nikasema nimeambiwa ni kichwa. Akasema kichwa kina sehemu yake, lakini kabla ya kichwa kuna hewa. Nyanda za juu hewa ni nyepesi, joto linaifanya nyepesi zaidi. Upepo wa mgongoni unakusukuma, wa usoni unakula mwendo. Ukizidi mita mbili kwa sekunde mgongoni, muda hauhesabiwi rekodi.

Nikasema, Desemba ilikuwa 1.8. Tuliruhusiwa.

Akatazama viatu vyake.

Siku ile, kasema, gari la televisheni lilikaa mahali pa kipimo. Waandaaji wakamsogeza nyuma ya bango la matangazo. Kipimo kilikingwa. Yeye akaona bendera imenyooka kama imepigwa pasi, na kipimo kinasema 1.8. Wale wa kuruka chini kwenye mchanga, njia yao ikielekea upande uleule na haina bango, dakika ileile walipata 3.2. Karatasi yao anayo. Kaniwekea magotini.

Kisha akafanya hesabu mbele yangu, taratibu, kama kwa mwanafunzi wa nyuma. Ile 11.02: toa msaada wa upepo, toa wa mwinuko. Mwezi uliopita, 11.29: jioni ya baridi, upepo wa usoni, rudisha mwendo ulioliwa. Jumatatu ya wiki iliyopita, 11.25: rudisha kidogo. Akapiga mstari chini ya majibu. 11.23. 11.22. 11.23.

"Binti, hujapanda wala hujashuka," akasema. "Umekimbia mbio ileile mara tatu."

Nimelia pale pale kwenye benchi. Mlinzi akageukia upande mwingine. Nililia kwa furaha, kwamba mimi si mwizi wala si mgonjwa wala si mvivu. Nimefika chumbani ndipo nikaelewa nilichopewa. Karatasi inayonisafisha ndiyo inayonifutia rekodi. Nikiitoa, si mla dawa – lakini 11.02 haipo. Rekodi haipo. 11.10 sijawahi kuigusa maishani mwangu. Nikiificha, nabaki na rekodi mpaka Ijumaa, kisha wanaichukua kwa jina baya.

Nimekaa kitandani mpaka kengele ya chakula. Kidoti kaniletea sahani bila kuuliza kitu. Kanishikia kikombe mpaka nikanywa.

Jumatano, 13 Machi

Mazoezi asubuhi. Sikusema. Mwili wepesi ajabu, kama umetuliwa gunia. Kichwa ndicho kimebeba sasa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempa mjomba karatasi. Kwenye stoo ya vifaa, tukiwa tunapanga viunzi. Kaisoma amesimama. Hakushangaa. Hapo ndipo nilipojua.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

Akasema mwalimu alimfuata dakika ileile baada ya mbio, akamwambia hana imani na kipimo. Mjomba akamjibu: kazi yako kuandika unachokisoma, andika. Akamkumbatia mbele ya kamera, mzee wa watu akaandika 1.8.

"Funika kombe mwanaharamu apite," ananiambia leo. "Kesho sema uliugua malaria. Sema msuli. Wataguna, watakupa miezi miwili, utakimbia uwanja mwingine, upepo utakuja."

"Na usipokuja?"

"Utakuja. Siku moja unakuja tu."

Nikamwambia mama anadhani nilikula dawa. Dada yako anadhani hivyo, mjomba. Akakaa juu ya kiunzi. Kwa mara ya kwanza nimemwona kuwa mtu mzima, magoti yamepinda, nywele za pembeni nyeupe. Akasema miaka ishirini ameamka kabla ya jua kwa ajili ya watoto wa watu, na hajawahi kuwa na mmoja aliyefika. "Nilipoiona ile namba ubaoni, nilitaka iwe kweli. Basi. Wewe hukutaka?"

Nilitaka. Bado nataka. Nikifumba macho naiona, taa nyekundu, sifuri na mbili. Kwa hiyo siwezi hata kumkasirikia vizuri.

Mkono wake ulikuwa begani mwangu tulivyotoka. Mzito.

Ijumaa, 15 Machi. Koridoni

Saa nne kasoro. Benchi la mbao, mlango wa kamati, feni inayozunguka bila upepo. Mjomba kushoto kwangu, na koti alilovaa harusi ya mama. Mwalimu wa fizikia kafika mwenyewe, sikumwita. Kakaa benchi la pili, daftari kwenye mapaja, kalamu mbili mfukoni. Hawajasalimiana.

Mjomba kaniuliza kwa kunong'ona tena: malaria au msuli? Tuseme kitu kimoja.

Karani katoka na fomu. Anaruhusiwa mtu mmoja tu kuingia na mimi, anataka jina, dakika kumi tutaitwa. Mjomba alishaanza kutaja lake, herufi kwa herufi, maana watu hulikosea.

Nikamwambia karani afute. Nikamwelekeza benchi la pili.

Kafuta. Kamuuliza mwalimu jina lake, mwalimu kasimama kama kaitwa darasani. Mjomba kavua koti, kalikunja, kaliweka mapajani. Anatazama mlango. Nataka kumshika mkono, sijui kama atauacha ushikwe. Zimebaki dakika sita. Nimesogea kidogo upande wake, bega limegusana na bega. Hajasogea. Wala hajanitazama.