Wateja Walioshikwa Nywele

Mshauri wetu, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaharibu, maana mimi ni msusi na nimeandika riwaya, sura ya kwanza nimeihifadhi kichwani na huwasimulia wateja huku vidole vikisuka, nao hutulia tuli, nikaamini nimepata, hadi juzi nilipomaliza kumsuka wifi yangu wakati kitabuni jua bado linachomoza, akajitazama kiooni, akachukua mkoba na kuaga, nikamwuliza, "Wifi, hutaki kujua yanayofuata?" naye akasema, "Jua lako linachelewa, wifi yangu, nami nimeacha mboga jikoni, na hao wengine usidhani wanakusikiliza, umewashika nywele," na sasa mchapishaji anaisubiri sura hiyo, amesema ataamua kwa mwanzo huo tu, nami jua lile nalipenda, nimelihangaikia mwaka mzima, je, niipeleke hivyohivyo au nimsikilize wifi?

Msusi

Marahaba, mwanangu. Hongera kwanza: wengi huahidi kuandika riwaya, wewe umeandika. Lakini wifi yako amekuambia kweli, tena kwa upole kuliko nitakavyokuambia mimi. Mtu aliyesukwa nusu kichwa na nusu imetimka atasikiliza hata tangazo la mbuzi aliyepotea. Utulivu wake si sifa yako.

Sura uliyoniambatishia nimeisoma. Jua linachomoza kurasa tatu. Katika ukurasa wa nne mjane anafungua mlango, anakuta viatu vya marehemu mumewe kizingitini, vimepigwa rangi asubuhi hiyohiyo. Hapo chai yangu ilipoa, nami si mtu wa kuacha chai ipoe. Kwa nini umemficha mama huyu nyuma ya jua? Mgeni hazungushwi uani na ghalani kabla ya kukaribishwa kiti.

Anza na viatu. Jua usilitupe, lije baadaye. Msomaji akishamjali mjane, atakubali kusimama naye kutazama mbingu.

Kisha acha kumsimulia mtu uliyemshika kichwa. Msubiri asimame, alipe, afike mlangoni, ndipo umwambie ukurasa wa kwanza. Akiondoka, rudi ukaandike upya, wala usimnunie. Akiketi tena, umepata.

Wa kwanza awe wifi yako. Mwambie mpaka kwenye viatu, kisha unyamaze, ufagie nywele sakafuni. Mboga zake zikiungua, ipeleke sura kwa mchapishaji.