Antena ya Lori, Siku ya Tano ya Fungate

Makurunge, Bagamoyo

Shangazi Mardhiya, shikamoo.

Mimi mzima, na ndoa tamu jamani! Abdullatif wangu hunitolea miiba ya samaki kabla sijatia tonge mdomoni.

Uliyoyasikia huko Pangani ni kweli. Siku ya tano ya fungate nilitoka ndani, hina imekoza mikononi, nikapanda juu ya lori lake la miwa. Redio yake ya kuongea na madereva wenzake alikuwa ameifungia antena juu ya rangi, haigusi chuma, basi ikawa inakoroma tu. Nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaifunga antena upya, nikaipunguza ncha kidogo kidogo huku yeye akinisomea kipimo cha mawimbi.

"Bibi harusi, shuka!" majirani wakapiga kelele.

"Mwacheni fundi wangu!" akawajibu. "Mwenye aibu afumbe macho."

Jioni dereva mwenzake aliyekuwa Saadani alisikika kama yuko sebuleni kwetu. Nililia kwa furaha.

Unasema nisipoacha ufundi hutakanyaga kwangu. Siachi, Shangazi. Njoo Idi. Ukinikuta juu ya lori nitashuka, nikuamkie, nikupikie ule ushibe, kisha nitapanda tena.

Mwanao mwenye raha zake,
Wahida